Joto la Vifaranga: Chagua Lile Lisilodhuru

Ukinunua vifaranga 50 wa siku moja umenunua pia kazi ya wiki 5 au 6. Chakula chao utakipata dukani, na chanjo utaipata kwa afisa wa mifugo. Lakini joto hapana budi ulitengeneze mwenyewe nyumbani, mchana na usiku, na hapo ndipo wakulima wengi wa Kisii na Nyamira hupata hasara. Wengine hupoteza vifaranga kwa baridi. Wengine huogopa baridi hiyo, wakaleta moto ndani ya nyumba, na moto huo ukaua vifaranga au, vibaya zaidi, ukawadhuru watu waliolala karibu nao.

Makala haya yanaeleza njia za kuwatia vifaranga joto, ubaya na uzuri wa kila moja, na ile inayofaa nyumba yako. Isome pamoja na watu wa nyumbani, hasa yule ambaye ndiye atakayeamka usiku.

KWA NINI KIFARANGA HUONA BARIDI

Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 40 hivi. Mwili wake umefunikwa na manyoya laini kama pamba, na manyoya hayo hayawezi kuzuia baridi kama ya kuku mkubwa. Tena, mwili wa kifaranga haujajua bado kujitengenezea joto la kutosha. Kuku mkubwa hudumisha joto la mwili la digrii 41 hivi hata kukinyesha. Kifaranga hawezi kazi hiyo mpaka manyoya ya kweli yaanze kumfunika, yaani baada ya wiki 3 au 4.

Kwa sababu hiyo, katika wiki ya kwanza kifaranga ahitaji mahali penye joto la digrii 32 hadi 35. Kisha joto hilo hupunguzwa digrii 3 hivi kila wiki, mpaka afike digrii 21 na aweze kuishi bila kusaidiwa.

Sasa tazama hali ya nchi yetu. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Keroka, Nyansiongo na Kijauri ni juu zaidi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi huja alasiri pamoja na upepo na pengine mvua ya mawe. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti asubuhi huwa na baridi kali. Usiku wa digrii 12 si jambo la ajabu kwetu. Basi kati ya baridi ya nje na joto analotaka kifaranga pana tofauti ya digrii 20 na zaidi. Mkulima wa Mombasa au wa Kisumu hana taabu hiyo, wala haifai kufuata maneno yake bila kuyapima.

Kifaranga aliyepatwa na baridi hafi papo hapo sikuzote. Huacha kula, hulia sana, huharisha, na wote hupandiana ili kutafuta joto. Wale wa chini hukosa hewa. Asubuhi mwenye mali hukuta 10 wamelala chini, naye hudhani ni ugonjwa.

MLEZI WA KWANZA NI KUKU MWENYEWE

Kabla ya kutafuta jiko au taa, jiulize: je, nina kuku wa kienyeji anayelalia au aliyetoka kuangua? Kuku huyo ndiye mlezi salama kuliko wote. Hali mafuta ya taa, hakatiki kama umeme, na hachomi nyumba. Huwaita vifaranga wakiona baridi na kuwaacha wakipata joto la kutosha.

Kuku mmoja aweza kufunika vifaranga 10 hadi 15. Ikiwa una vifaranga wachache ulionunua, na wewe una kuku wawili walioangua wakati huo huo, waweza kumpa mmoja vifaranga wote alee, na yule mwingine arudi kutaga mapema. Fanya hivyo usiku, gizani, ukiwaingiza vifaranga wageni chini ya mbawa zake mmoja mmoja. Wawe na umri sawa na wake, wasipitane zaidi ya siku 1 au 2. Asubuhi na mapema utazame. Ikiwa anawadonoa wageni, waondoe mara moja.

Lakini kuku hawezi kulea vifaranga 50 au 100. Siku hizi wakulima wengi huagiza vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO wanaotoka Naivasha, nao hufika kwa boksi baada ya safari ndefu ya gari. Hao hawana mama. Wewe ndiwe mama yao.

JIKO LA MAKAA: LIFAHAMU VEMA

Jiko la makaa ndilo linalotumika zaidi katika kaunti zetu, kwa sababu liko katika kila nyumba na makaa hupatikana sokoni. Ubaya wake hauonekani kwa macho, kwa hiyo yafaa tuueleze polepole.

Makaa yanapowaka hutumia hewa safi iliyomo chumbani. Hewa ikipungua, makaa hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi humfanya mtu akohoe na kukimbia nje, lakini gesi hii humfanya asinzie tu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni. Damu hubeba sumu badala ya hewa, na mtu hufa usingizini.

Watu wengi husema, "Jiko langu limekwisha kutoa moshi wote nje, sasa ni makaa mekundu tu, basi ni salama." Maneno hayo ni ya hatari. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, kwa maana gesi ingali yatoka na hakuna dalili ya kukuonya. Kila msimu wa baridi katika Kenya husikika habari za watu waliolala na jiko wakiwa wamefunga madirisha, na asubuhi wakakutwa wamekufa.

Ndege huumia mapema kuliko watu, kwa sababu mapafu yao huvuta hewa kwa wingi na kwa haraka. Wachimba migodi wa Uingereza walilijua jambo hilo. Kwa miaka mingi walikuwa wakishuka mgodini na ndege mdogo wa manjano ndani ya kizimba. Ndege akianguka, wao walikimbia kutoka nje. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1986, vilipopatikana vyombo vya kupima gesi. Basi ukikuta vifaranga wamelala ovyo karibu na jiko, midomo wazi, na wewe mwenyewe waona kichwa kinauma, usifikiri ni kideri. Toka nje na watu wote wa nyumba, fungua milango na madirisha, litoe jiko, na aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii, nayo haina ruhusa ya kuvunjwa: jiko la makaa lisiwekwe kamwe katika chumba wanacholala watu, hata kama vifaranga wako humo. Usiseme, "Nitaliweka kidogo tu mpaka saa sita." Mtu aliyechoka na kazi ya kuchuma majani ya chai hulala kabla ya saa sita.

Ikiwa huna njia nyingine ila jiko, basi vifaranga wawe katika banda lao mbali na nyumba ya kulala, nawe ufuate mambo haya:

1. Washa jiko nje, na uliingize tu makaa yakishakolea. Hii hupunguza moshi, lakini haiondoi gesi.

2. Banda liwe na nafasi za hewa juu, karibu na paa, pande mbili. Ziba upepo chini walipo vifaranga, bali juu usizibe.

3. Weka jiko juu ya matofali au mawe, na ulizungushie wavu wa chuma ili kifaranga asilifikie na maranda yasiingie motoni.

4. Usiongeze makaa mabichi juu ya moto ukiwa ndani na mlango umefungwa. Toa jiko nje, ongeza huko, kisha lirudishe.

5. Asiingie mtoto kulinda vifaranga humo usiku.

TAA YA MAFUTA

Taa ya kandili hutoa joto dogo, nayo yaweza kutosha vifaranga 15 hadi 20 katika boksi. Hata hivyo nayo hutumia hewa na kutoa gesi, ingawa si nyingi kama ya jiko. Hatari yake kubwa ni moto. Paka, panya au kifaranga mwenyewe aweza kuiangusha, na maranda makavu na boksi la karatasi ngumu huwaka kwa dakika chache. Ikiwa ni lazima kuitumia, itundikwe kwa waya imara nje ya njia ya vifaranga, au ifungiwe ndani ya kizimba cha wavu. Koroboi isiyo na kioo isitumiwe kabisa. Moshi wake huwajaza vifaranga masizi puani, na moto wake uko wazi.

UMEME

Umeme hautoi gesi wala moshi, na kwa hiyo ni mzuri kwa mapafu ya ndege na ya watu. Balbu kubwa nyekundu ya joto, ya wati 250, yatosha vifaranga 50 na zaidi kidogo. Itundikwe kwa mnyororo au waya wa chuma, isitundikwe kwa waya wake wa umeme, na iwe sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda. Ukitaka kupunguza joto, ipandishe juu. Ukitaka kuongeza, ishushe kidogo kidogo. Ikianguka juu ya maranda itawasha moto. Kwa sababu hiyo mnyororo wa pili wa akiba si anasa.

Hapa pana makosa matatu yanayoonekana mara kwa mara.

La kwanza ni kununua balbu za kisasa za LED kwa sababu ni nyeupe na zinang'aa sana. Balbu hizo zimetengenezwa ili zitoe mwanga mwingi na joto dogo. Ndiyo sababu hazili umeme. Chini yake vifaranga wataona vizuri, lakini watakufa kwa baridi.

La pili ni kutegemea taa za jua. Chombo cha nyumbani chenye kioo kidogo cha jua cha wati 20 huwasha taa na kuchaji simu. Hakiwezi kamwe kuendesha balbu ya wati 250. Mwanga wa jua ni msaada mwema wa kuwatazama vifaranga usiku bila kubeba koroboi, lakini joto utafute kwingine.

La tatu ni kusahau kwamba umeme hukatika. Kwetu mvua kubwa ya alasiri ikija, mara nyingi umeme huenda nayo, na hurudi asubuhi au kesho yake. Mwenye kutumia balbu hapana budi awe na njia ya pili iliyo tayari, asije akakimbilia jiko saa nane ya usiku bila kufikiri.

Hebu tufanye hesabu ya gharama. Balbu ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia wati-saa 6,000, yaani yuniti 6 za umeme kwa siku. Kwa siku 21 ni yuniti 126. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa wewe, kisha ugawe kwa idadi ya vifaranga. Ukiona kila kifaranga ameongezewa bei kubwa kuliko faida utakayoipata, fikiria njia ifuatayo.

SANDUKU LA NYASI

Njia hii haina moto ndani yake, wala umeme, wala gesi. Msingi wake ni ule ule wa kufunga sufuria ya maharagwe ndani ya kapu lenye nguo ili yaendelee kuiva: joto lililokwisha kuwapo halipotei upesi. Vifaranga wenyewe ni vijiko vidogo. Kila mmoja hutoa joto kidogo, na 50 wakiwa pamoja mahali pasipopitisha baridi hutoa joto la maana. Katika siku za kwanza wasaidie kwa maji ya moto.

Kwa vifaranga 50, tengeneza hivi:

1. Pata mbao za bei ndogo au fito, utengeneze sanduku lenye upana wa sentimita 90 kila upande na kimo cha sentimita 50. Ndani yake weka sanduku la pili, au ukuta wa wavu au wa magunia, wenye upana wa sentimita 70. Nafasi ya sentimita 10 katikati ijaze nyasi kavu na kuishindilia barabara. Majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa yafaa pia, nayo hayakosekani kwetu. Yawe makavu kabisa. Nyasi mbichi huota ukungu, na ukungu huharibu mapafu ya vifaranga.

2. Pembe za ndani zijaze nyasi ili ziwe za mviringo. Vifaranga hupenda kujazana pembeni, na hapo ndipo wanapokanyagana.

3. Kifuniko kiwe gunia lililoshonwa kama godoro na kujazwa nyasi. Liweke juu ya wavu ili lisiwaangukie.

4. Toboa matundu ya hewa yenye ukubwa wa kidole, matatu au manne kila upande, karibu na juu. Usiyazibe hata kukiwa na baridi. Vifaranga wanavuta hewa kama wewe.

5. Upande mmoja toboa mlango wa sentimita 15, na mbele yake zungushia uwanja mdogo wa wavu au karatasi ngumu. Mchana watatoka kula na kunywa, na wakiona baridi watarudi ndani wenyewe.

6. Chini tandika gunia safi, na juu yake maranda makavu kimo cha sentimita 5 hadi 8. Sanduku lisikae juu ya saruji tupu. Liinuliwe juu ya mbao au matofali.

Sasa joto la msaada. Chukua jerikani ngumu ya lita 5, kama ile ya mafuta ya kupikia. Ijaze maji ya moto sana lakini yasiyochemka, funga kifuniko imara, uipinduepindue uone kama haivuji, kisha uivingirishe gunia na kuiweka katikati ya sanduku. Chupa nyembamba za soda zisitumike, kwa maana hujikunja na kupasuka.

Je, maji hayo yana nguvu gani? Lita 5 za maji zikipoa kutoka digrii 80 hadi digrii 40 hutoa joto karibu sawa na balbu ya wati 40 iliyowaka kwa saa 6 hivi. Hilo si joto dogo katika sanduku lililofungwa nyasi. Ukibadilisha maji saa tatu ya usiku kabla ya kulala, na tena saa tisa, umevusha usiku. Kuni za kupikia chakula cha jioni ndizo zitakazochemsha maji hayo, na maji ya saa tisa yawekwe katika chupa ya chai ili usiwashe moto upya. Mchana wa mvua badilisha kila baada ya saa 4 au 5 katika wiki ya kwanza. Kukiwa na jua, maji ya mchana hayahitajiki sana.

Usiweke balbu wala taa wala jiko ndani ya sanduku la nyasi. Nyasi kavu na moto havikai pamoja. Sanduku hili ni la maji tu.

Kila asubuhi ondoa kifuniko ukianike, na maranda yaliyolowana yatupwe shambani. Maranda yenye maji huleta ugonjwa wa kuharisha damu, na sanduku lisilosafishwa huwa kao la ugonjwa huo.

VIFARANGA WENYEWE NDIO KIPIMO

Kipimajoto ni kitu kizuri, nawe ukipata kimoja kitundike sawa na mgongo wa kifaranga, si juu ya ukuta. Lakini hata asiye nacho ana kipimo cha kweli mbele yake. Watazame vifaranga bila kuwashtua, hasa dakika chache kabla hujalala.

Wakiwa wamejazana mahali pamoja karibu na joto na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Ongeza joto au zuia upepo.

Wakikimbia mbali na joto, wakipanua mbawa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Joto la kupita kiasi nalo huua, tena kwa saa chache.

Wakikusanyika upande mmoja tu wa uwanja, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Piga magoti uweke mkono hapo, utausikia.

Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wamelala kwa raha, na sauti zao zikiwa za chini, basi kila kitu ni sawa. Nenda ukalale.

Piga magoti pia uvute hewa walipo wao. Ikiwa macho yako yanawasha kwa harufu ya mkojo, hewa ni mbaya na maranda yanataka kubadilishwa, hata kama joto ni zuri. Wakulima wengi hufunga banda kabisa kwa kuogopa baridi, wakawaua vifaranga kwa hewa chafu.

SIKU YA KUWAPOKEA

Usingoje boksi lifike ndipo utafute joto. Tengeneza mahali pao siku moja kabla, na uanze kupasha joto saa kadhaa kabla hawajafika, ili maranda yawe na joto. Kifaranga akiwekwa juu ya maranda baridi hupoteza joto kwa miguu.

Wakifika, wape kwanza maji yenye uvuguvugu na sukari kidogo. Kiini cha yai kilichobaki tumboni huwatosha siku 2 au 3, lakini safari huwakausha. Chovya midomo ya wachache majini, na wengine watajifunza kwao. Weka vijiwe safi katika chombo cha maji ili wasizame. Baada ya hapo ndipo uwape chakula.

KUWAZOEZA BARIDI

Kuondoa joto kwa ghafla ni kosa kama kutowapa. Fuata mpango huu, nao urekebishwe kwa kuwatazama:

Wiki ya 1: digrii 32 hadi 35.
Wiki ya 2: digrii 29 hadi 32.
Wiki ya 3: digrii 26 hadi 29.
Wiki ya 4: digrii 23 hadi 26.
Wiki ya 5: digrii 21 hadi 23.

Anza kwa kuondoa joto la mchana kukiwa na jua, kisha ondoa la usiku. Nafasi nayo iongezwe kadiri wanavyokua: katika wiki ya kwanza mita mraba moja hutosha vifaranga 40 hadi 50, lakini kufikia wiki ya tatu wasizidi 20. Kwa hiyo baada ya wiki 2 sanduku la nyasi litakuwa dogo. Tengeneza la pili uwagawe, au waache wakubwa walale nje ya sanduku ndani ya banda lililozibwa upepo. Wale wa upande wa Borabu, ambako baridi ni kali, wawalinde usiku mpaka wiki ya 6.

NIPI NITUMIE?

Jibu latokana na nyumba yako. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Katika Kisii kilomita mraba moja ina watu zaidi ya 900. Mashamba yamegawanywa, na wengi wetu hawana nafasi ya banda mbali na nyumba. Ndiyo sababu vifaranga huwekwa jikoni, sebuleni, au kando ya kitanda cha watoto, na ndiyo sababu shauri la joto ni shauri la maisha ya watu.

Tuseme mama mmoja wa karibu na Keroka ana nyumba ya vyumba viwili, hana umeme, naye amenunua vifaranga 50. Hana banda. Kwake jiko limekatazwa kabisa. Afanye sanduku la nyasi na jerikani mbili za maji. Hata likikaa sebuleni halitamdhuru mtu, mradi watoto wanawe mikono kila wakiwagusa vifaranga. Gharama yake ni mbao kidogo, magunia na nyasi.

Mwenye vifaranga 10 na kuku mwenye kulalia, ampe kuku wake.

Mwenye umeme na vifaranga 50 hadi 100 atumie balbu ya joto, moja au mbili, na sanduku la nyasi liwe tayari kando kwa usiku umeme utakapokatika.

Mwenye vifaranga 500 na zaidi ana banda lake, naye aweza kufikiri juu ya jiko la gesi la kulelea. Lakini nalo lahitaji nafasi za hewa juu kama jiko la makaa, na fundi wa kulitazama kama halivuji.

Mwenye jiko la makaa peke yake, na asiye na banda la mbali, asinunue vifaranga mwezi wa Julai. Angoje atengeneze sanduku kwanza. Vifaranga watapatikana tena mwezi ujao.

YA KUKUMBUKA

Kwanza zuia baridi, ndipo uongeze joto. Sanduku zuri na maranda makavu hupunguza kuni, makaa na umeme.

Usilale chumba kimoja na moto wa makaa, kwa ajili ya vifaranga wala kwa ajili ya kitu kingine.

Moto wowote uwe mbali na nyasi, maranda na boksi.

Hewa ipite juu, upepo uzuiliwe chini.

Uwe na njia ya pili kabla ya ile ya kwanza kushindwa.

Watazame vifaranga kila usiku kabla ya kulala, na uamini wanayokuonyesha.

Mwenye swali juu ya chanjo ya kideri na Gumboro, au juu ya vipimo vya sanduku, amwendee afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yake. Ni vema aende kabla ya kuagiza vifaranga, akiwa na vipimo vya chumba chake vilivyoandikwa kwenye karatasi: urefu, upana, na madirisha mangapi. Kwa hayo matatu ataweza kushauriwa sawasawa.